Pilipili za Meza ya Pasi

Hiki ninachokwenda kuwaambia hamtakiamini, na wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekiona kwa macho yangu, macho ambayo jengo zima linajua hayajawahi kukosea, kuna siku najiuliza kama haikuwa ndoto. Mwanamke mmoja, dobi, asiye na hata kiganja cha ardhi, alikaa ndani ya chumba ambacho jua likitaka kuingia hubisha hodi kwanza, akaotesha pilipili. Tena si pilipili hizi za sokoni zinazowasha mdomo kwa adabu. Alizikusudia za mama yake, za mbegu ileile.

Shule mimi, Mjomba kwa kila mtu wa jengo hili, niliiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kusimulia hakunishindi. Asiyeamini aje amuulize mwenyewe. Yuko hapa mbele yangu anapiga pasi, nami nimekaa kwenye benchi la wateja naandika huku nikimsomea. Mpaka sasa hajasema neno, anaguna tu.

Tunamwita Mama Pasi, ingawa hakujaliwa mtoto. Alianza kazi hiyo akiwa msichana, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, kule chini kabisa ambako wageni hawafiki na mvuke hautoki. Walikuwa wanawake wengi, kila mmoja na meza yake, na walipigiana hadithi juu ya shuka za watu wasiowajua mpaka mikono ikajua njia yenyewe. Halafu ikaletwa mashine kubwa, inameza shuka upande huu na kuitema upande ule imenyooka kama kioo. Wanawake wa meza waliitwa, wakapewa mkono wa kwaheri na mche wa sabuni kila mmoja. Mama Pasi sabuni yake hakuifulia. Aliiweka chini ya kitanda mpaka ikapasuka kwa ukavu, akaitupa.

Tangu hapo kazi yake ni hii hapa chumbani. Ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na wangu. Kitanda kiko kona ile, jiko kona hii, na katikati ametawala mfalme mwenyewe, yaani meza ya pasi: mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa mawili, ukatandikwa blanketi, juu ya blanketi shuka. Juu ya meza kuna rafu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jengo la jirani. Jua hupita kwenye upenyo kati ya majengo wakati wa asubuhi, likagusa meza, likaaga. Ukichelewa kuamka, hulioni tena mpaka kesho yake.

Sasa pilipili. Mama yake alikuwa na mche wake nyuma ya jiko, na mama wa mama yake alikuwa nao kabla. Pilipili fupi, zimesimama kichwa juu kama zinatafuta ugomvi, zinaanza na rangi ya maziwa, zinaingia manjano, zikiiva kabisa zinafanana na kaa la moto. Ukiikata moja jikoni, mtu aliyeko barazani anapiga chafya. Lakini si ukali tu. Ilikuwa na harufu, Mama Pasi anasema, harufu ya kitu kitamu kilichokaribia kuungua. Kila mwaka mama yake alichagua tunda zuri kuliko yote, hakuliacha liliwe na mtu, akalikausha kwa ajili ya mbegu. Hakuwahi kununua mbegu dukani wala hakuwahi kumpa mtu baki.

Mama akafariki. Walipomaliza kuzika, yule kaka yao mkubwa, ambaye watoto wote wa nyumba ile walimwita Kaka Mkubwa hata walipokuwa na mvi, akawakusanya ndugu zake sebuleni. Ni mtu wa suti huyo, mwangalizi wa ghala la watu, na anaongea na kila mtu kana kwamba ni gunia lililowekwa mahali pasipo pake. Akasema kila mmoja achague kitu cha kumkumbuka mama. Mmoja akachukua kabati, mwingine sufuria kubwa, mwingine saa ya ukutani. Mama Pasi akaenda jikoni, akarudi na kamba ya pilipili kavu iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari.

"Mdogo wangu," Kaka Mkubwa akasema, "wenzio wanachukua mali, wewe unachukua kiungo?"

Wakacheka wote. Na yeye akacheka, maana ukichekwa na ndugu zako siku ya msiba utafanya nini.

Alikuwa na mpango wake. Angerudi mvua zikianza, apande nyuma ya jiko lilelile. Mvua zilipoanza alirudi. Akakuta geti jipya. Ndani, pale nyuma ya jiko, wamemwaga saruji, na juu ya saruji limesimama gari la mtu asiyemjua. Mwenye gari akatoka, kijana mstaarabu tu, akamuuliza, "Unamtafuta nani, mama?"

Mama Pasi akatazama saruji, akatazama jina jipya getini.

"Nimepotea njia," akasema, akageuza.

Kaka Mkubwa alikuwa ameuza nyumba bila kumwambia mtu. Mpaka leo hajamwambia. Watu husema fulani na fulani hawaongei. Hawa wawili wanaongea vizuri sana, wanaulizana hali, na kila baada ya muda Kaka Mkubwa huleta suti zake zipigwe pasi bure kwa sababu ya udugu. Ila habari ya nyumba haijawahi kutajwa. Imelala kati yao kama mzigo mlangoni ambao kila mtu anauruka.

Ile kamba ya pilipili akaitundika juu ya dirisha. Akawa anasema, nikipata kiwanja. Miaka ikaenda. Nikamwambia mara nyingi, maana mimi ushauri siuzi, nautoa bure: "Mama Pasi, mbegu si dhahabu. Hazingojei." Akaniambia nikamshauri mke wangu, ambaye kama mnavyojua alikwisha kwenda kushauriwa kwingine.

Asubuhi moja akanyoosha mkono kufuta vumbi kwenye dirisha, akaigusa ile kamba, na pilipili moja ikageuka unga mkononi mwake. Wadudu walikuwa wameingia. Walikuwa wanakula kimya kimya, kutoka ndani, wameacha ganda limesimama vilevile kudanganya macho. Akashusha kamba nzima, akatandika foronya nyeupe juu ya meza, akapasua zote. Nyingi zilikuwa vumbi na vinyesi vya wadudu. Mbegu zilizobaki, nyingine zimekuwa kahawia, nyingine nyeusi, nyepesi kama makapi. Akakaa na sindano, akizichambua moja moja. Mwishowe likabaki rundo dogo linaloenea kwenye kifuniko cha soda, mbegu za rangi ya meno ya mtoto.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikutania, na hilo peke yake linatosha kuwaonyesha hali ilivyokuwa.

"Hizi zisipoota," akasema bila kunitazama, "basi. Hakuna tena mahali popote duniani."

Akaenda kwenye duka la pembejeo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye koti jeupe kama daktari. Akamweleza kwamba pilipili ni mtoto wa joto, ardhi ikiwa baridi haiamki, itaoza imelala. Kwa hiyo anahitaji sinia linalopashwa kwa umeme, taa maalumu, udongo maalumu wa mifuko, na kipimajoto.

"Na mtu asiye na hivyo vyote?" Mama Pasi akauliza.

"Anunue pilipili sokoni, mama."

Alirudi kachukia, akachomeka pasi yake ukutani, akaanza kuinyoosha shuka ya mteja kama vile ndiyo iliyomjibu. Na hapo hapo, mkono ukiwa juu ya shuka, akasimama. Akageuza kiganja, akakiweka pale pasi ilipopita. Joto. Joto la kila siku, la kutwa nzima, alilolitengeneza miaka yote na kuwapelekea watu wakalivaa. Sinia la umeme! Meza nzima ilikuwa sinia la umeme.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la dobi. Mtu mwingine yeyote angechukua kitambaa kikuukuu chochote. Yeye hapana. Hizi zilikuwa mbegu za mama yake, hawezi kuzilaza kwenye tambara. Akachukua kitambaa chake kizuri kuliko vyote, cheupe, ambacho mwenyewe alikuwa amekitia wanga na kukinyoosha mpaka kikasimama peke yake kama karatasi. Akakikata, akakilowesha maji, akazipanga mbegu, akafunika. Akakitia ndani ya kopo la siagi, kopo akaliweka kwenye rafu katikati ya nguo zilizotoka kwenye pasi.

Bahati yake ni moja: hakuweka zote. Mtu aliyewahi kuunguza shati la mteja hujifunza kujaribisha pasi kwenye pindo kwanza. Aliweka nusu, nusu akaiacha kwenye kifuniko.

Akangoja. Aliponiita kuja kuona, nilidhani zimeota. Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na manyoya. Ukungu wa kijivu umeota kitambaa kizima, umesimama laini kama paka, na mbegu zimezama humo zimekuwa uji.

"Wanga," akasema. "Nimezilaza kwenye chakula cha ukungu."

Nami kwa ujinga wangu, kutaka kumchangamsha, nikasema, "Angalau kitu kimeota, Mama Pasi."

Alinitazama. Kama jicho lingekuwa pasi ningekuwa na alama mpaka leo. Halafu hakulia wala hakutukana. Alimwaga zile mbegu, akachukua kile kitambaa akakifua, akakisuuza, akakianika. Niliondoka taratibu nikafunga mlango wangu.

Safari ya pili hakutaka mtu mlangoni. Nayajua haya kwa sababu mlango wake una ufa na mimi nina jukumu la kuangalia usalama wa jengo. Alichukua fulana iliyochoka, ile iliyofuliwa mpaka haikumbuki rangi yake, akaisuuza kwa maji matupu mara nyingi mpaka hata harufu ya sabuni ikakata tamaa. Akaikamua mpaka haidondoki. Akazilaza mbegu zilizobaki, akaingiza kopo chini ya rundo la shuka zilizotoka kwenye moto, lakini kwanza akapima joto kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Likizidi, anaondoa shuka moja. Likipungua, anaweka nyingine. Wateja wakaanza kulalamika kwamba shuka zao zinachelewa. Hakuwaambia kwamba zilikuwa kazini. Umeme ulipokatika alilifunga kopo kwenye kanga, akalikumbatia tumboni chini ya blanketi kama kuku.

Pilipili haina haraka. Maharage ukiyaloweka yanakurupuka. Pilipili inakaa kimya mpaka uanze kuitukana. Mama Pasi kila asubuhi alifungua kopo, akainamisha uso, akanusa kwanza kama kuna ukungu, ndipo akatazama. Hakuna. Akafunga. Hakuna. Akafunga. Akaanza kuonekana kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Mpaka asubuhi moja nikasikia kiti kikivutwa. Alikuwa amekaa chini. Mbegu kadhaa zilikuwa zimepasuka, zimetoa vimkia vyeupe.

Udongo aliuokota kwenye jengo linalojengwa, akauchunga kwa chekecheo la unga, akachanganya na mchanga, akaumwagia maji ya moto kuua wadudu, akauacha upoe. Alikuwa na hasira na wadudu, mnajua sababu. Chupa za maji za plastiki akazikata nusu, akazitoboa matako kwa msumari uliopashwa moto. Mbegu akazichukua kwa ncha ya kijiti kilicholoweshwa, kuogopa kuvunja vile vimkia, akazifukia kidogo tu, akafunika chupa kwa mifuko ya nailoni ya kufungia nguo za wateja. Maji hakumwaga juu. Alimwaga kwenye sinia, zikanywa zenyewe kwa chini.

Zikatoka, shingo zimepinda kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Zikainuka. Zikafungua majani mawili mawili. Na mara zikaanza kukimbilia dirishani, zinarefuka, nyembamba kama uzi, zinainama upande mmoja kama zinasikiliza maneno ya jirani. Mwanga haukutosha. Hapo Mama Pasi akafanya jambo la akili ambalo ningependa kusema nilimfundisha mimi. Alifunga kamba chumbani, akaanika shuka nyeupe za wateja mkabala na dirisha, lile jua la asubuhi likagonga shuka, likarudi kwenye miche kwa upande wa pili. Akawa anazizungusha chupa. Na kila alipopita alipitisha kiganja juu ya vichwa vya miche, taratibu, ili ijifunze kusukumwa na upepo ambao haupo. Ikanenepa shina. Isipokuwa mmoja uliopinda tangu utotoni na haukutaka kunyooka kwa shuka wala kwa maombi.

Sasa tatizo likawa kubwa kuliko furaha. Miche ikazidi chupa. Ilitaka ardhi na jua la kutwa. Na katika watu wote anaowajua Mama Pasi, mwenye uwanja na jua alikuwa mmoja.

Kaka Mkubwa alikuja na suti begani, kama kawaida. Nilikuwa hapa kwenye benchi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hii ya bluu naitaka upesi, nina wageni." Akaona chupa dirishani. "Na haya ndiyo nini? Umefungua shamba?"

"Pilipili za mama."

Akahamisha suti bega la pili. Halafu akacheka. "Pilipili ni pilipili, mdogo wangu. Mbona sokoni zimejaa?"

Mama Pasi akaisimamisha pasi. "Kaka, nakuomba kitu kimoja. Pale kwako una uwanja. Nikupe miche uipande. Matunda ule wewe. Mimi nitataka mbegu tu."

Jamani! Mtu aliyeuza udongo wa mama yake anaombwa udongo na aliyenyang'anywa. Kaka Mkubwa akajaa kama kitumbua. Kuombwa anakupenda.

"Sasa si ungesema? Mimi si mtu wa kukataa. Leta."

"Ila usiiweke juani moja kwa moja. Imekulia ndani, ngozi yake haijui jua. Siku za kwanza iweke kivulini, asubuhi itazame jua kidogo, uirudishe. Uiongezee pole pole. Ni kama nguo ya rangi mbichi, huianiki—"

"Wewe!" Kaka Mkubwa akainua mkono. "Unanifundisha mimi pilipili? Nimezikuta nyumba ile kabla hujazaliwa."

"Au niwe nakuja mwenyewe asubuhi, niitoe na kuirudisha."

"Aa, hapana. Watu wa nyumbani kwangu hawapendi watu kuingia na kutoka."

Watu, alisema. Dada yake wa tumbo moja.

Akampa miche yote iliyonyooka, kwenye kreti la soda lililotandikwa magazeti. Ule uliopinda akaubakiza. Si kwa ujanja, msije mkampa sifa asizotaka. Aliuonea aibu. Alitaka kaka yake apate mizuri mitupu, asiwe na la kusema.

Alivumilia mpaka siku yake ya mapumziko, akabeba ile suti ya bluu iliyonyooka, akaenda. Hakufika hata mlangoni. Aliiona akiwa nje. Kaka Mkubwa alikuwa amezipanga chupa juu ya ukuta wa uwanja, mstari mmoja, kwenye jua la mchana, ili wageni wake wazione. Majani yalikuwa meupe. Si manjano, meupe, makavu kama karatasi iliyosahauliwa dirishani. Aliligusa moja likavunjika.

Kaka Mkubwa akatoka na kijiti cha meno mdomoni.

"Miche yako ilikuwa legelege, mdogo wangu. Siku ileile ya kwanza imelala. Ndiyo kawaida ya vitu vya kulelewa chumbani." Akapokea suti, akaikagua mikono. "Chupa zako nimekutunzia. Utazihitaji."

Mama Pasi akazikusanya chupa. Udongo akaurudisha nao pia, hakumwachia hata udongo. Akatembea mpaka hapa na lile kreti kichwani, akipita watu wanaomsalimia na yeye akiwaitikia, "Nzuri, nzuri tu."

Suti nyingine ya Kaka Mkubwa ilikuwa ikingoja kwenye rafu, ya kijivu. Kesho yake niliona kwa ufa akiitandaza. Pasi ilikuwa imekolea. Akaiweka kwenye bega la koti, akaiacha. Ikatulia. Mvuke ukapanda. Mimi huku nje nikawa namhesabia kimoyomoyo, nikamshangilia, iache hapo hapo, iache! Akainyanyua. Msidhani ni upendo. Kazi mbovu ingekuwa na jina lake yeye.

Basi ukabaki ule mmoja, kilema wa watu. Mama Pasi akaugeukia huo kwa nguvu zake zote, kwa hasira, si kwa mapenzi. Hakuwa akiuzungumzisha wala kuupapasa. Aliutia kwenye ndoo iliyopasuka, akaufunga kwenye mti wa ufagio usimame, akaanza kuutoa kwenye nondo za dirisha kidogo kidogo, kama alivyomwambia yule bwana afanye. Leo kidogo, kesho zaidi kidogo. Jani likichoka, unarudi ndani. Ukazoea. Ukakubali upenyo ule wa jua kana kwamba dunia nzima ndivyo ilivyo.

Ukatoa maua, yakaanguka yote. Huku juu nyuki hafiki, afuate nini, sabuni? Yalipotoka mengine akachukua brashi ndogo ya kusugulia kola, mpya, akawa anagusa ua hili kisha lile, uso umekunjwa, kama mtu anayetoa doa asilolipenda. Mengine yakaanguka tena. Machache yakashika. Na hatimaye pakawa na vidole vidogo vya rangi ya maziwa, vichwa juu, vinatafuta ugomvi.

Zilipoiva alikata moja hapo mezani. Mimi niliyekuwa kwangu, mlango umefungwa, nilipiga chafya. Nikaja mbio. Nilimkuta ameegemea mapipa, kisu mkononi, amefumba macho, ananusa.

"Ndiyo zenyewe?" nikauliza.

Akatikisa kichwa kukubali. Ningependa kuwaambia alifurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kiatu kimoja.

Sasa habari haikai ndani ya jengo lenye kuta kama hizi. Kaka Mkubwa akaja, safari hii bila suti, amejaa tabasamu.

"Nasikia imezaa. Hongera. Si unaona, nilikuambia itazaa tu." Akavuta kiti, akakaa mezani bila kukaribishwa. "Nipe moja nile na chakula. Na mbegu unitilie kwenye karatasi, nitampa mtunza bustani wangu. Za mama ni zetu sote, mdogo wangu."

Mama Pasi akasema, "Sawa, kaka."

Akampakulia chakula. Akachuma pilipili moja, nzuri, imeiva barabara. Akampa mgongo, akaipasua kwa urefu, na kwa ncha ya kijiko akaikwangua ndani. Mbegu zote, mpaka ya mwisho, zikabaki kwenye kisahani nyuma ya birika. Akamwekea kaka yake ganda kwenye ukingo wa sahani, limefumbwa vizuri, huwezi kujua.

"Mbegu je?"

"Hii imetoka tupu," akasema Mama Pasi. "Ndiyo kawaida ya vitu vya kulelewa chumbani."

Kaka Mkubwa akauma. Akatafuna. Nilikuwa papa hapa kwenye benchi, nikaona kila kitu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likafuata la shingoni, masikio yakawa mekundu. Akaweka kijiko chini. Ile harufu ikawa imemfika, harufu ya jikoni kwa mama yake, na machozi yakamporomoka mtu mzima yule mpaka yakalowesha tai. Akasukuma kiti, akapiga magoti kwenye sakafu hii hii, akaikumbatia miguu ya dada yake akilia kwa sauti, jengo zima likatoka milangoni, akasema, "Mdogo wangu, nyumba ya mama niliiuza kwa tamaa yangu, nisamehe, na kuanzia leo uwanja wangu ni—"

"Magoti gani, Mjomba?" Mama Pasi ameisimamisha pasi. "Nani alipiga magoti hapa? Alikohoa, akaomba maji, akasema ni kama za sokoni tu, akaenda zake. Futa hapo. Msamaha hajaniomba mwenyewe, usimwombee wewe."